Vijiti vya kupimia mkojo nyumbani: mtoto mwenye ugonjwa wa figo anapopata homa

Nyumba yenye mtoto wa nefrotiki, ugonjwa wa figo unaovujisha protini nyingi kwenye mkojo, haikosi kichupa cha vijiti vya kupimia mkojo. Kila asubuhi kijiti kimoja kinachovywa, kiraka cha protini kinalinganishwa na chati iliyobandikwa ubavuni mwa kichupa, na alama inaandikwa daftarini. Kazi hiyo vijiti vinaimudu. Kasheshe huanza siku mtoto anapoamka na homa au anapolia akikojoa, na mzazi anageukia viraka viwili ambavyo siku zote huvipita tu: chembe nyeupe na nitriti, vile vinavyosemekana kuonyesha UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Mapitio haya ni ya viraka hivyo viwili, pamoja na vifaa vinavyouzwa navyo: mifuko ya kubandika, pedi za kunyonya mkojo na vikopo vya kukingia. Tunavitazama kwa ajili ya mtoto mwenye ugonjwa wa figo tu, kwa sababu karatasi ya maelezo inayokuja ndani ya boksi imeandikwa kana kwamba kila mkojo unatoka kwenye figo nzima.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa protini, vijiti hivi ni vya lazima. Kwa UTI, vinafaa kumharakisha mzazi kwenda hospitali na havifai hata kidogo kumchelewesha. Kijiti kikibadilika rangi, nenda na mkojo. Kisipobadilika na mtoto ana homa isiyo na sababu inayoonekana, nenda vilevile.

Kipi cha kununua

Madukani kuna makundi matatu. Vipo vyenye kiraka kimoja au viwili, protini peke yake au protini na glukosi. Vipo vinavyouzwa kama "kipimo cha UTI", vyenye viraka viwili hadi vitano, mara nyingi chembe nyeupe, nitriti, damu na protini. Halafu kuna vile vya viraka 10, kama Multistix 10 SG ya Siemens na Combur 10 ya Roche.

Kwa mtoto wa figo chukua vya viraka 10. Vile vya kundi la pili vinakupa jibu bila kukupa njia ya kulihoji. Kiraka cha ukolezi wa mkojo na kile cha pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, ndivyo vinavyokuambia kama jibu la chembe nyeupe na nitriti linaaminika, na kwenye vijiti vya "UTI" viraka hivyo viwili kwa kawaida ndivyo vilivyopunguzwa.

Ukishachagua aina moja, baki nayo. Kwenye Multistix, protini ya alama tatu, yaani 3+, ni takriban miligramu 300 kwa desilita, na juu yake kuna alama ya nne inayoanzia 2000. Kwenye Combur, 3+ ni 500 na ngazi zinaishia hapo. Mtoto ambaye kurudi kwa ugonjwa wake kunahesabiwa kwa 3+ siku tatu mfululizo anaweza kuonekana amerudiwa na ugonjwa, au hajarudiwa, kwa sababu tu duka liliishiwa aina mliyoizoea. Ikibidi kubadilisha, andika jina jipya kwenye daftari siku hiyohiyo, na kwa siku mbili tatu pima mkojo uleule kwa vijiti vya aina zote mbili.

Kiraka cha chembe nyeupe

Kiraka hiki hakihesabu chembe. Kinatafuta kimeng'enya kinachotoka ndani ya chembe nyeupe za damu, na kikikipata kinatoka rangi ya maziwa mgando kwenda zambarau. Ndicho kinachochelewa kuliko vyote: kwenye Multistix kinasomwa dakika 2 baada ya kuchovya, wakati nitriti na protini zinasomwa kwenye sekunde 60, ukolezi sekunde 45 na glukosi sekunde 30. Wengi hukiangalia pamoja na vingine kwenye dakika ya kwanza, wakakiona bado cheupe, wakatupa kijiti.

Kuna mahali kiraka hiki kinaishinda hadubini, na mahali penyewe ni kwa watoto wetu. Mtoto aliyezaliwa na figo zisizokua vizuri, au aliyewahi kuzibwa njia ya mkojo na vali za nyuma za urethra (vijikunjo vya utando ndani ya mrija wa mkojo), mara nyingi hukojoa mkojo mwingi, mwepesi kama maji. Kwenye mkojo wa namna hiyo chembe nyeupe huvimba na kupasuka. Mtu wa maabara akitazama anaona chembe za usaha chache na kuandika kwamba hakuna tatizo. Kimeng'enya chenyewe hakijaenda popote, kimemwagika tu kwenye mkojo, na kijiti kinakikamata. Kwa hiyo kijiti chenye zambarau iliyoiva na majibu ya hadubini yaliyo safi havipingani lazima. Angalia ukolezi kwanza. Ukiwa 1.005 au 1.010, sababu unaweza kuwa nayo.

Upande wa pili, kiraka kinafichwa na mambo ambayo mtoto wa figo anayo tele. Protini nyingi sana kwenye mkojo, zaidi ya miligramu 500 kwa desilita, hupunguza nguvu ya rangi. Na mtoto wa nefrotiki aliyerudiwa na ugonjwa anafika huko bila shida. Glukosi nyingi na mkojo mzito sana hufanya vivyo hivyo. Vitamini C ya vidonge ni mharibifu mwingine, na inaharibu nitriti pia. Baadhi ya antibiotiki, zikiwemo sefaleksini na jentamisini, hupunguza rangi hata chembe zikiwa zimejaa. Mkojo uliowekwa kwenye chupa yenye asidi boriki, dawa ya kuuhifadhi hadi maabara, usichovywe kijiti kabisa.

Na kinadanganya pia kwa kubadilika bila maambukizi. Homa yoyote inaweza kuleta chembe nyeupe kwenye mkojo. Mawe ya figo huleta, mpira wa mkojo huleta, uvimbe wa figo unaotokana na dawa huleta, na uchafu wa ukeni kwa mtoto wa kike huleta. Mtoto anayesafishwa damu na anayekojoa vijiko vichache kwa siku huwa na chembe nyeupe karibu kila siku bila kuwa na UTI.

Kiraka cha nitriti

Bakteria wengi wa UTI, E. coli akiwa wa kwanza, hugeuza nitrati iliyomo kwenye mkojo kuwa nitriti. Kiraka kikigusana na nitriti kinakuwa waridi. Ni jibu zuri likitokea. Tatizo ni muda: bakteria wanahitaji kukaa na mkojo kibofuni kama saa 4 ndipo nitriti itoshe kuonekana. Mtoto wa nepi anakojoa kila saa au chini ya hapo. Mtoto mwenye mkojo mwingi na mwepesi, hata akiwa na miaka 7, naye hakai saa 4, na kidogo kinachotengenezwa kinayeyushwa na wingi wa maji. Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi una thamani kuliko wa mchana, ilimradi mtoto hakuamka usiku kukojoa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wapo bakteria wasiotengeneza nitriti: Enterokokasi hatengenezi, Streptokokasi hatengenezi, na Pseudomonasi mara nyingi haonekani kwenye kiraka. Bakteria hawa si wa kawaida kwa mtoto mwenye njia nzima ya mkojo. Huonekana zaidi kwa watoto wenye maumbile yasiyo ya kawaida, wanaowekewa mipira na wanaomeza antibiotiki ya kinga kila usiku. Yaani kiraka kinaaminika zaidi kwa mtoto asiyekihitaji sana, kisha kinakuwa kipofu kwa yule ambaye UTI moja inaweza kumwachia kovu juu ya figo ambayo tayari haitoshi.

Takwimu zinazotajwa zaidi ni zile zilizo kwenye mwongozo wa mwaka 2011 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kwa watoto wa miezi 2 hadi 24 wenye homa. Kati ya watoto 100 wenye UTI, kiraka cha nitriti kinawakamata kama 53 tu. Cha chembe nyeupe kinawakamata 83. Ukihesabu kimojawapo kikibadilika, wanafika 93. Kati ya watoto 100 wasio na UTI, nitriti inawasingizia wawili tu, na chembe nyeupe inawasingizia 22. Soma namba hizo kwa mwelekeo wake: nitriti ikisema ndiyo, iamini, ikisema hapana, usiisikilize. Na hata viraka vyote viwili vikisema hapana, watoto 7 kati ya 100 wenye UTI wanapita na maambukizi yao. Hao ni watoto wa kawaida. Wenye mkojo mwepesi au protini nyingi wana sababu zaidi za kupita.

Viraka jirani

Ukolezi tumeshausema, kumbuka tu kwamba protini nyingi huupandisha kwa uongo na mkojo wenye alkali huushusha.

pH inasaidia kwa namna mbili. Ikikaa kwenye 8 au zaidi kwenye mkojo wa sasa hivi, fikiria Proteus, bakteria anayevunja yurea na kuacha mawe. Lakini watoto wengi wenye figo zilizochoka hupewa sodiamu baikaboneti au sitrati kila siku, na dawa hizo zinapandisha pH bila bakteria yeyote. Mkojo wenye alkali kali unamdanganya mzazi mara ya pili, kwa sababu unafanya kiraka cha protini kigeuke kijani hata protini ikiwa haipo.

Protini yenyewe hupanda kwa muda mtoto akiwa na homa. Kwa mwenye nefrotiki, siku moja ya 3+ wakati wa homa haitoshi kusema amerudiwa. Hesabu ya siku tatu mfululizo ipo kwa sababu hiyo. Ila maambukizi, UTI ikiwemo, nayo huweza kuanzisha kurudi kwa ugonjwa. Endelea kupima kila siku, na usimwongezee prednisolone, dawa yake ya steroidi, mwenyewe kwa kijiti kimoja.

Kukinga mkojo: hapa ndipo kazi inapoharibika

Kijiti kizuri kwenye mkojo uliokingwa vibaya ni pesa iliyomwagwa chooni. Tuanze na kifaa tusichokipenda, mfuko wa kubandika. Ni mfuko mwembamba wa plastiki wenye gundi kuzunguka tundu lake. Unabandikwa sehemu za siri na unasubiri. Gundi haishiki kwenye ngozi yenye unyevu wala iliyopakwa mafuta, na kwa mtoto wa kike huachia kwanza upande wa nyuma, kule kunakotoka kinyesi. Ukiubandika, anza kwa nyuma, kwenye nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukiwa umeikunjua ngozi, kisha panda kwenda mbele. Chungulia kila baada ya dakika 15, na uutoe mara tu mkojo unapoingia. Usiuache ukakae na mkojo wakati mtoto anatambaa.

Mfuko una matumizi moja ya halali: mkojo wake ukiwa safi kwenye kijiti, una habari njema kidogo. Ukiwa na rangi, hujui rangi hiyo imetoka kibofuni au kwenye ngozi. Na mkojo wa mfuko usipelekwe maabara kuoteshwa, yaani kukuzwa bakteria waliomo, kamwe. Vijidudu vya ngozi na vya kinyesi vitaota vizuri kabisa, na mtoto mwenye figo dhaifu atapewa antibiotiki za siku 10 kwa ugonjwa asiokuwa nao, nyingine kati ya hizo zikiwa ni zile zinazoichosha figo.

Pedi ya kunyonya inawekwa ndani ya nepi na mkojo unavutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Inamsumbua mtoto kidogo kuliko mfuko. Sharti ni kuibadilisha kila dakika 30 hadi ilowe, na kuitupa ikiguswa na kinyesi hata kwa tone. Nunua zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba, shashi na pedi za hedhi hazifai, zinashika chembe na kubadilisha majibu.

Kikopo safi chenye mdomo mpana, kinachokinga mkojo hewani, ndicho tunachokipa alama za juu, nacho ndicho cha bei rahisi kuliko vyote. Kisichofungwa kiwandani kioshwe kwa maji moto na sabuni ya vyombo, kisuuzwe hadi povu liishe, kwani mabaki ya sabuni na dawa za kuua vijidudu huchezea viraka.

Kwa mtoto mchanga, utaratibu unaofanya kazi ni huu. Mnyonyeshe au mpe maziwa yake, kwa kiasi alichoruhusiwa kama ana kipimo cha maji. Subiri kama dakika 25. Nawa mikono, osha sehemu za siri kwa maji na sabuni kidogo, mbele kwenda nyuma, kausha. Govi la mtoto wa kiume usilivute kwa nguvu. Mtu mmoja anamshika mtoto kwapani miguu ikining'inia, wa pili ana kikopo mkononi tayari. Gongagonga kwa ncha za vidole juu ya kibofu, chini ya kitovu kabisa, kwa nusu dakika, mapigo kama 100 kwa dakika, kisha sugua mgongo wa chini pande mbili za uti kwa nusu dakika, rudia. Njia nyingine ni kusugua kwa mduara juu ya kibofu kwa shashi iliyolowekwa kwenye seline (maji ya chumvi ya hospitali) baridi. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha watoto 354 wa mwezi 1 hadi 12 ulionyesha 31 kati ya 100 walikojoa ndani ya dakika 5 kwa njia hiyo, dhidi ya 12 kati ya 100 waliosubiriwa tu. Si wengi, lakini ni zaidi ya mara mbili, na shashi haina madhara.

Matone ya mwanzo yaache yapite, kinga ya katikati. Hata hivyo usijidanganye kwamba kikopo ni hospitali: kwenye utafiti mmoja wa Australia wa 2012, mkojo uliokingwa hewani ulichafuka mara 26 kati ya 100, wa katheta (mpira unaopitishwa hadi kibofuni) mara 12, na uliochomwa kwa sindano moja kwa moja kibofuni mara 1. Daktari akisema anataka wa katheta kwa mtoto mwenye homa kali, ana hoja.

Kuchovya na kusoma

Chovya kwenye mkojo wa sasa hivi, si zaidi ya saa moja tangu ukojolewe. Ukiwa ulikaa kwenye friji, uache urudi kwenye joto la chumba. Zamisha viraka vyote kwa sekunde moja, toa huku ukiburuza ubavu wa kijiti kwenye mdomo wa kikopo ili maji ya ziada yabaki, kisha kilaze flati. Ukikisimamisha, dawa ya kiraka kimoja inashukia cha pili na unasoma rangi ya mchanganyiko. Washa saa ya simu wakati wa kuchovya, siyo wakati wa kukumbuka.

Nitriti inasomwa kwa ukali huu: waridi iliyoenea kiraka kizima, hata ikiwa hafifu, ni ndiyo. Vidoa vya waridi au kingo zenye waridi ni hapana. Weka karatasi nyeupe chini yake kama huna hakika. Baada ya dakika 2 usisome chochote. Viraka huendelea kubadilika vikikauka na havina maana tena.

Programu za simu zinazopiga picha kijiti na kukitafsiri zinasaidia kwenye ubishi wa rangi na kwenye kutunza kumbukumbu za tarehe. Hazisaidii kwenye kukinga, na nyingi zimefungwa kwa vijiti vya mtengenezaji mmoja na kwa watu wazima. Tusingelipia.

Kichupa chenyewe

Adui wa vijiti ni unyevu, na kiraka kinachoharibika haraka ni nitriti: hewa peke yake hukigeuza waridi hafifu kabla hakijaona mkojo. Kabla ya kuchovya, linganisha kiraka kikavu na mraba wa "hapana" kwenye chati. Kikiwa kimeshabadilika, kichupa kizima kitupwe. Usikiweke bafuni wala kwenye friji. Joto kati ya nyuzi 15 na 30, kifuniko kikibanwa kila mara, na kile kijifuko cha kunyonya unyevu kisitolewe. Andika tarehe ya kufungua juu ya kifuniko, kwa sababu tarehe ya kiwanda inahusu kichupa ambacho hakijafunguliwa.

Kuna tabia ya kukata vijiti katikati kwa urefu ili kupata viwili kwa kimoja. Tunaelewa kinachoisababisha. Kwa protini ya kila siku unaweza kuponea chupuchupu, lakini ukingo uliokatwa unalowa tofauti na mkojo unapenya chini ya kiraka. Siku ya homa tumia kizima.

Mtoto yupi, jibu lipi

Mtoto anayewekewa mpira kila baada ya saa chache kwa sababu ya kibofu kisichofanya kazi ana bakteria na chembe nyeupe kwenye mkojo karibu siku zote. Kijiti chake kitakuwa na rangi Jumatatu, Jumanne na Jumatano, akiwa anacheza. Kumtibu kijiti ni kufuga bakteria sugu. Kwake usipime bila dalili: homa, maumivu ya ubavu, kutapika, mkojo kuvuja kati ya mpira na mpira tofauti na kawaida yake. Mkojo kunuka au kuwa na mawingu, peke yake, hautoshi.

Mwenye mkojo unaorudi nyuma kwenda kwenye figo, anayemeza dawa ya kinga, akipata maambukizi juu ya dawa hiyo basi bakteria wake kuna uwezekano mkubwa ni sugu kwa dawa hiyohiyo. Kijiti hakijui lolote kuhusu usugu. Kuotesha ni lazima, na sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.

Aliyepandikizwa figo, au anayetumia dawa za kushusha kinga, anaweza kuwa na UTI yenye homa ndogo tu. Kwake kijiti kisitumike kuamua kama mpigie simu daktari, pigeni kwanza. Aliye chini ya miezi 3 mwenye homa vilevile: mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, unamtaka apelekwe haraka na mkojo uoteshwe, bila kujali rangi.

Anayefaidika kuliko wote na vijiti hivi ni mtoto wa miaka 3 na kuendelea, anayeweza kusema panauma, ambaye wazazi wameshapima mkojo wake akiwa mzima mara nne au tano na kuandika. Rekodi hiyo ya siku nzuri ndiyo inayokipa kijiti cha siku mbaya maana. Chembe nyeupe za 1+ kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa nazo ni habari. Kwa ambaye huwa nazo kila wiki, bado hujajua kitu.

Ukienda hospitali

Homa ishushwe kwa paracetamol kwa kipimo cha uzito, siyo ibuprofen, ambayo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Antibiotiki iliyobaki ya mara iliyopita ibaki kabatini: dozi moja inatosha kuua kipimo cha kuotesha bila kuua ugonjwa. Sema mapema kwamba mtoto ana ugonjwa wa figo na taja kiwango cha ufanyaji kazi wa figo cha mwisho mlichoambiwa, maana dozi ya jentamisini inategemea hapo, na nitrofurantoini, antibiotiki nyingine, haifai figo zikiwa zimeshuka sana, wala haitibu maambukizi yaliyokwisha panda kwenye figo.

Mkojo wa kuotesha uende kwenye chombo kisichochovywa kijiti. Mimina kidogo pembeni kwa ajili ya kijiti. Kama hautafika maabara ndani ya saa 4, uweke kwenye friji au kwenye chupa ya asidi boriki. Chupa hiyo ina mstari wa kujazia. Ukiweka mkojo nusu yake, asidi inakuwa kali kiasi cha kuwaua bakteria wenyewe, na maabara inajibu kwamba hakuna kilichoota. Kwa mtoto anayetoa vijiko viwili, omba chupa ndogo au tumia kikopo kitupu na friji.

Beba daftari lenye saa ya kukojoa, namna mkojo ulivyokingwa, aina ya kijiti, ukolezi, pH na alama za viraka vyote, pamoja na dawa alizomeza siku hiyo. Kijiti chenyewe kiache nyumbani. Kufika kwenu, rangi zitakuwa zimeshageuka.